Muhuri wa Elfu Hamsini: Kisa cha Nyumba ya Kihesa

Mzee aliingia ofisini kwetu Jumatatu asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama tunavyovaa Iringa mwezi wa sita, kwapani ana bahasha ya kaki. "Kamwene," akasalimia, akakaa. "Mwanangu, nauza nyumba, shida yangu ndogo tu. Nani hapa mjini anagonga muhuri kwa bei nzuri? Dalali anasema wakili wao ni elfu hamsini. Naona kama nyingi."

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mipaka yake naijua: simsimamii mtu mahakamani na simwandikii mtu mkataba kwa malipo. Ila kusoma karatasi naweza. Nikamwomba bahasha.

Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yake. Mambo machache madogo nimeyabadilisha ili asitambulike, naye alitaka hivyo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Ndani ya bahasha mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza hati ya nyumba yenyewe, halisi, si nakala, imekunjwa mara mbili kama risiti ya duka. Alikuwa anaipeleka kwa dalali "akaitoe fotokopi". Cha pili risiti ya mkono: "Nimepokea shilingi 2,000,000 advansi ya nyumba, salio baadaye," sahihi, basi. Baadaye lini, haikusema. Wala haikusema mnunuzi akighairi zile milioni mbili zinarudi au zinabaki. Cha tatu ulikuwa mkataba wa dalali: karatasi moja, fotokopi ya fotokopi, herufi za pembeni zimeanza kufa. Juu pameandikwa MKATABA WA MAUZIANO YA NYUMBA/SHAMBA/GARI, na maneno shamba na gari yamekatwa kwa peni. Nafasi ya bei ilikuwa tupu. Chini kulikuwa na nafasi za mashahidi wanne, na mbili zilikuwa zimeshajazwa: dalali na rafiki yake.

Nikamuuliza, "Mzee, bei ni ngapi?"

"Milioni sabini. Nilimwambia dalali, mimi nataka sabini mkononi."

Sentensi hiyo, "nataka sabini mkononi", ndiyo iliyozaa nusu ya kisa hiki.

Nyumba yenyewe iko Kihesa, upande wa kwenda Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wengi wetu bado tunakiita Tumaini. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, na uani banda lenye vyumba vinne wanavyopanga wanafunzi. Mzee ni dereva mstaafu. Aliijenga kidogo kidogo baada ya kupata kiwanja mwaka 1998, akahamia kabla dari halijawekwa. Sasa anataka kwenda Ilula, anunue eneo lenye maji, alime nyanya. Alihangaika miezi saba kutafuta mteja mwenyewe bila mafanikio. Dalali alimleta mteja ndani ya wiki tatu, mfanyabiashara anayetaka nyumba yenye vyumba vya wanafunzi, mwenye fedha taslimu na haraka. Nalisema hili mapema kwa sababu ninayoyaandika chini yanaweza kumfanya mtu adhani nawachukia madalali. Siwachukii. Bila yule kijana nyumba ingekuwa bado ina kibao cha "INAUZWA" getini.

Shida ni hii: kazi ya dalali huisha siku fedha zinapohesabiwa. Ujira wake hautegemei kama mauzo yatasimama mwaka kesho, mke akifungua shauri au mnunuzi akishindwa kubadilisha jina. Unategemea mauzo kufanyika. Kwa hiyo kila swali linalochelewesha, kwake ni adui, hata likiwa swali la haki. Yeye si mwovu kwa hilo, ndivyo ujira wake ulivyopangwa.

Nikamuuliza mzee swali ambalo karatasi hazikuliuliza. "Mama yuko wapi?"

Akanyamaza. Akatazama dirishani. Mama yuko Mafinga. Waliachana kwa maneno miaka kumi na moja iliyopita. Ana mgahawa wake pale, watoto wanakwenda na kurudi. Talaka hakuna. Ndoa ya kanisani, cheti kipo. "Dalali amesema hiyo si tabu," akaongeza. "Wakili wao ataandika kiapo kwamba sina mke."

Hapo ndipo nikamwambia afunge bahasha, hati asimpe mtu yeyote, na twende kumtafuta wakili wa kwake, asiyetokana na dalali.

Tuanze na huyo "wakili wao". Hapa kwetu watu wengi wakisema "tumepitia kwa wakili" wanamaanisha wamekwenda ofisi fulani, wakili ameangalia vitambulisho, watu wawili wametia sahihi mbele yake, muhuri umegongwa, kila mtu kaenda zake. Hiyo ni kazi halali ya wakili akiwa kamishna wa viapo. Lakini anachoshuhudia ni kwamba wewe ndiwe uliyetia sahihi. Hashuhudii kwamba ulichokitia sahihi kina akili. Hajafanya upekuzi wa hati, hajauliza habari za mwenza, hajui kodi, na ukimrudia baada ya mwaka atakuambia ukweli mtupu: mimi sikuwa wakili wako. Elfu hamsini ni bei ya muhuri. Na ikiwa ofisi hiyohiyo imeletwa na dalali, inamhudumia mnunuzi na muuzaji kwa pamoja, na kesho inamtegemea dalali huyohuyo kuletewa wateja wengine, basi mgongano ukitokea mzee hana wa kumsemea.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Sheria ya Mawakili, sura ya 341, hairuhusu mtu asiye wakili kuandaa kwa malipo nyaraka zinazohusu mali kama nyumba. Yule anayekuandikia mkataba mezani na kudai "ya karatasi" anafanya kazi isiyo yake. Tena nyaraka hiyo inatakiwa ionyeshe jina na anwani ya aliyeiandaa. Ule wa mzee ulikuwa na jina la stationari chini, lile la mwenye mashine ya fotokopi.

Tulimpata wakili mama mmoja mwenye ofisi karibu na mahakama. Kabla ya kumlipa chochote nilifungua simu nikaangalia kwenye mfumo wa Mahakama wa mawakili kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu, maana cheti chao huhuishwa kila mwaka. Alikuwa nayo. Akataka milioni moja na nusu kwa kazi nzima, tukapatana milioni moja na laki mbili, nusu mwanzo, nusu mwisho. Mzee akashika kichwa. "Kwa karatasi?" Usiku ule alinipigia simu mara mbili akitaka kughairi.

Jambo la kwanza wakili alilolifanya ni upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa. Hakukuwa na rehani wala zuio. Kulikuwa na deni la pango la ardhi la miaka kadhaa, na kitu ambacho mzee hakuwahi kukisoma kwenye hati yake mwenyewe: umiliki ni wa miaka 33 kuanzia 1998. Maana yake unaisha 2031. Haina maana nyumba inachukuliwa. Mwenye hati anaomba kuongezewa muda. Ila mnunuzi anatakiwa ajue, na ni bora akisikia kwako kabla ya kutia sahihi kuliko aje aligundue akiwa tayari na ugomvi mwingine.

La pili ni lile la mke, na hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo. Haijasema "wakati wanalala kitanda kimoja". Miaka kumi na moja Mafinga haivunji ndoa. Inavunjwa na amri ya mahakama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamgeukia mnunuzi: ana wajibu wa kuuliza kama mwenza ameridhia, na muuzaji akimdanganya, yule mwenza ambaye hakuridhia anaweza kuyatengua mauzo. Sasa fikiria. Mzee anaapa hana mke. Anapokea fedha, ananunua shamba Ilula, anachimba kisima, anatia miche. Mwaka wa pili mama anasikia. Watoto wanamsikiliza mama. Mauzo yanatenguliwa, mnunuzi anataka fedha zake, na fedha zimeshakuwa bomba na mbolea. Juu yake kuna kiapo cha uongo, ambacho ni kosa la jinai, chenye jina la mzee. La dalali halimo.

Wakili alimwambia maneno machache tu: "Baba, mimi kiapo hicho siandiki. Nenda Mafinga."

Tulikwenda Jumamosi, mwendo wa kilomita kama themanini. Mzee hakusema neno mpaka tulipopita Ifunda. Mama tulimkuta jikoni kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Hakupiga kelele kama alivyotarajia mzee. Alisoma fomu ya ridhaa yote, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, halafu akauliza swali moja: "Mimi nilibeba matofali ya ile nyumba nikiwa na mimba ya kifungua mimba. Hapa imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Wakaongea wao wawili nyuma ya mgahawa zaidi ya saa nzima, mimi nikinywa chai. Waliporudi walikuwa wamekubaliana milioni thelathini, iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mama, isipitie kwa mzee. Mimi ningekuwa mama ningedai zaidi, lakini halikuwa langu kusema.

La tatu ni bei. Wakili alisisitiza pande zote zikutane mezani kwake kabla ya rasimu kukamilika. Dalali hakupenda; akasema mteja ana shughuli nyingi, kila kitu kipitie kwake. Wakili akasema basi tutasubiri mpaka apate nafasi. Mteja akaja siku ya tatu. Wakili akamuuliza kwa upole, "Baba, mmepatana shilingi ngapi?"

"Themanini."

Sijawahi kuona chumba kikinyamaza vile. Bodaboda zilisikika nje barabarani. Mzee alimtazama dalali, dalali akatazama simu yake.

Hiyo milioni kumi ndiyo tunayoiita cha juu. Hapo ilikuwa juu ya kamisheni ya asilimia tano ambayo mzee alishaahidi. Dalali alijitetea, na utetezi wake si wa kupuuzwa: "Mzee mwenyewe alisema sabini mkononi. Ya juu ni jasho langu." Kuna watu wanauza hivyo kwa kujua, wanasema waziwazi ya kwangu hii, ya juu ni yako, na hapo hakuna wa kulalamika. Mzee hakusema hivyo. Yeye alidhani anataja bei ya chini. Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inamtaka wakala amtolee hesabu aliyemtuma, na faida aliyoipata kwa kujifanyia biashara yake ndani ya kazi aliyotumwa, bila kumjulisha bosi wake, huyo bosi anaweza kuidai. Lakini nani ataipeleka mahakamani sentensi iliyosemwa getini bila shahidi? Kama wakili asingewakalisha meza moja, mzee angekufa akiamini nyumba yake iliuzwa sabini.

Dalali akatishia kumwondoa mteja. Mteja, ambaye naye alikuwa amekasirika, akasema hang'oki. Ikaisha hivi: kamisheni asilimia tano ya themanini, yaani milioni nne, kwa maandishi, bila cha juu. Hesabu ya mzee, kabla ya kodi na fungu la mama, ni rahisi. Njia ya kwanza: sabini, toa tatu na nusu za dalali, abaki na 66.5. Njia ya pili: themanini, toa nne za dalali na 1.2 ya wakili, abaki na 74.8. Hajanipigia tena usiku.

Dalali alikuwa na shauri jingine, na hili alilisema kwa nia njema kabisa: kwenye mkataba tuandike milioni thelathini, kodi ipungue. Mteja akatikisa kichwa kukubali. Mzee naye akaanza kutabasamu. Wakili akawaeleza mambo mawili. Kwanza, nyumba lazima ifanyiwe uthamini, na thamani hiyo iidhinishwe na serikali. Mtu mwenye nyumba ya zamani asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kuandika thelathini hakukusaidii kitu. Pili, na hili ndilo lililomwondoa mzee tabasamu: mnunuzi akilipa thelathini akaacha hapo, utamdai kwa karatasi gani?

Nifafanue, maana wengi wanachanganya. Mkazi akiuza nyumba kwa faida, kodi ni asilimia 10 ya hiyo faida kama ana kumbukumbu za gharama. Makazi binafsi, ambayo mtu ameyamiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi, yana msamaha, lakini faida ikizidi milioni 15 msamaha huo hauna nafasi. Mzee alikuwa na risiti mbili tu za mabati. Akaingia kwenye asilimia 3: milioni mbili na laki nne. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi kwa makubaliano yao.

Rasimu ya kwanza ya mkataba ililetwa kwa Kiingereza. Namsifu wakili yule kwa mengi, hili simsifu. Mzee aliishika kama mtu aliyepewa majibu ya maabara. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mkataba wa wanyalukolo wawili, yaani watu wa huku kwetu Iringa, wanaouziana nyumba Kihesa unaandikwa kwa Kiingereza kwa faida ya nani? Tuliomba, ikaandikwa upya, wiki moja ikapotea.

Malipo yaligawanywa hivi. Siku ya sahihi milioni hamsini, zile mbili za advansi zikihesabiwa humo na ile risiti ya mkono ikirudishwa na kuchanwa; ishirini kati ya hizo kwa mama. Milioni ishirini na mbili baada ya kodi kulipwa na kibali cha uhamisho kutoka, na humo mama akamaliziwa kumi zake. Nane za mwisho siku jina la mnunuzi litakapoingia kwenye daftari la msajili. Fedha zote kupitia benki. Hati halisi ikae kwa wakili wa mzee mpaka awamu ya pili ikamilike. Na kamisheni ya dalali wakili akaigawa vilevile: milioni mbili siku ya sahihi, milioni mbili siku ya usajili. Alimfunga kwenye mkia wa kazi. Hiyo ndiyo sehemu ya mkataba niliyoipenda kuliko zote.

Kosa lilitokea, na lilitupita wote watatu, wakili akiwemo. Hakuna aliyeuliza habari za wapangaji. Mzee alikuwa ameshachukua kodi ya miezi sita kwa wanafunzi wa vyumba vinne vya uani, elfu arobaini kila chumba kwa mwezi. Mnunuzi alikabidhiwa funguo ikiwa imebaki miezi mitatu, akaenda kudai kodi, wanafunzi wakamwonyesha risiti. Wale wana haki ya kumaliza muda wao. Mwenye nyumba kabadilika, upangaji haujabadilika. Mzee alilazimika kumrudishia mnunuzi laki nne na elfu themanini. Alilipa akinung'unika kwamba kwa milioni na laki mbili wakili angekumbuka hata hilo. Sina la kumjibu, maana alikuwa na haki.

Ninapoandika haya, awamu mbili zimelipwa, kodi imelipwa, mzee yuko Ilula na ameshanitumia picha ya kisima. Uhamisho uko ofisi ya ardhi unasubiri foleni. Yule dalali aliyekuwa akisema wakili atatuchelewesha sasa anapita pale kaunta yeye mwenyewe kila wiki kuulizia faili, na ikifika Ijumaa jioni hunipigia simu. "Shikamoo kaka," anasema, ingawa tunalingana umri. "Ile hati ya mzee, vipi, imetoka?"